Tufani imepita, mgeni anataka kuoga uchi: nimpeleke au nisimpeleke?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana ninayetembeza wageni, naishi Kigamboni. Kwa sasa nina mume na mke kutoka Ujerumani, watu wazima wa miaka sitini na kitu. Usiku wa kuamkia Jumatano ile mvua ya upepo ilitupiga, mabati yakaruka na miti ikaanguka. Asubuhi jua likawaka kama vile hapakutokea kitu. Wageni wananiambia kwao, pwani ya Baltiki, kuna fukwe za kuoga bila nguo, na siku nzuri kuliko zote ni ile inayofuata dhoruba kwa sababu hakuna watu. Wanataka niwatafutie mahali patulivu upande wa kusini, mbali na mahoteli, kabla hawajaondoka Jumapili. Ni watu wema, sipendi kuwavunja moyo, lakini roho yangu inasita. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja, la nguo na la bahari, na naona la nguo ndilo linalokunyima usingizi. Mimi linalonitisha ni la bahari. Nimefundisha vijana wa pwani hii kuogelea na kuokoa watu kwa miaka mingi, nimechota maji ya kupima kwenye midomo ya mito yetu masika kwa masika, na wote niliowaona wakitolewa majini wamekufa walikuwa na nguo zao mwilini.

La nguo tulimalize kwanza. Tanzania haina ufukwe wa kuoga uchi, si bara, si Zanzibar. Kanuni ya Adhabu inamhesabu mtu anayefanya jambo la aibu hadharani kuwa ametenda kosa, na ufukwe ni hadharani hata ukiwa mtupu. Kuna watu watakwambia wana ufukwe binafsi. Ukuta wa hoteli ni wa hoteli, viti ni vya hoteli, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na ule mchanga mvuvi anaupita leo kama babu yake alivyoupita. Ukiwapeleka wageni wako mahali hapo wakavua nguo, watakaoingia matatani ni watatu, na wewe ndiye utakayebaki hapa Jumatatu ukitazamana na majirani.

Halafu wageni wamekosea jambo moja kubwa, tena wamelikosea kwa nia njema. Kwao dhoruba huwafukuza watu ufukweni, kwetu huwaita. Nenda Mjimwema alfajiri baada ya usiku wa upepo ukaone mwenyewe. Mwenye ngalawa iliyokata nanga anatembea kwa mguu mpaka aione. Vijana wanaokusanya chupa za plastiki za kuuza kwa kilo wamefika na viroba vyao kabla ya jua. Mama na binti yake wameshika gogo huku na huku, kuni za wiki nzima. Wenye juya wanatandaza nyavu waone palipochanika. Maji yakipwa wanashuka akina mama wa chaza na pweza, na mzee aliyetoka kuswali anapita taratibu akiwauliza watu hali. Hakuna siku ufukwe wa kusini una macho mengi kama siku hiyo. Mahali patulivu wanapopataka hapapo, na wakivua nguo mbele ya watu hawa watakuwa wamewadhalilisha wenyeji katika siku ambayo wengine wamepoteza chombo cha kazi.

Sasa bahari.

Hao wageni wako wanajua bahari, lakini wanaijua ya kwao, na hapo ndipo ninapoogopa. Bahari ya Baltiki karibu haina kupwa na kujaa. Maji hucheza kwa sentimita chache. Yetu siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara mbili kwa siku moja. Mtu wa Baltiki akiuona mwamba umekauka saa 4 asubuhi anatembea juu yake mpaka mwisho, anakaa, anaota jua, hana habari kwamba nyuma yake maji yanaingia kwenye bonde alilolivuka na kwamba akirudi yatakuwa kifuani. Kwao pia, kwenye fukwe za waogaji, kuna waokoaji na bendera. Huku kusini unakotaka kuwapeleka, mwokoaji ni wewe.

Hata huko kwao, wanaojua hawaendi kichwa kichwa baada ya dhoruba. Baltiki ikichafuka hutupa ufukweni kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe la pambo, na watu hutoka kuiokota. Kisiwani Usedom, karibu na Peenemünde, wapo waliookota kipande cha njano wakaweka mfukoni wakidhani ni kaharabu, kumbe ni fosforasi ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Inapokauka na kupata joto la mwili inawaka na kuunguza nyama. Ndiyo maana huambiwa watie wanachookota ndani ya kopo la bati. Na Gunnison, ufukwe wa kuoga uchi ulio ndani ya hifadhi ya Sandy Hook, New Jersey, Marekani, ulifungwa kwa miezi baada ya kimbunga Sandy cha Oktoba 2012, wakati upepo wenyewe ulikwisha kwa siku chache tu. Waambie wageni wako mifano hii. Watakuelewa upesi kuliko ukianza na habari za mila.

Dar es Salaam tuna pwani za tabia mbili, na baada ya tufani lazima uchague utakalolivumilia. Upande wa kaskazini, kuanzia Msasani kwenda Mbezi na Kunduchi, visiwa vya Bongoyo, Pangavini, Mbudya na Fungu Yasini vimekaa mbele kama ukuta, na wimbi la bahari kuu linafika limechoka. Maji yametulia, lakini machafu. Msimbazi unamwaga palepale penye Daraja la Selander na lile jipya la Tanzanite, Mlalakuwa unatokea Kawe, kisha Mbezi, kisha Tegeta. Mvua kubwa ikinyesha mito hii hubeba kila kilichokuwa mtaani, na wewe na mimi tunajua kwamba wapo wanaongoja mvua ili watapishe vyoo. Rangi ya chai ya maziwa unayoiona baharini siku hizo ina udongo, lakini si udongo peke yake.

Kwenu kusini ni kinyume. Mkondo mkubwa wa Afrika Mashariki hutiririka kwenda kaskazini mwaka mzima, na upepo wa kusi ukianza kuvuma huusukuma zaidi, kwa hiyo uchafu wa Msimbazi na wa bandari kwa kawaida unaelekea Msasani, haurudi kwenu. Maji yenu husafika mapema. Ila pwani yenu sehemu kubwa imetazama bahari kuu uso kwa uso, na wimbi lililoumbwa na upepo mbali huko linaendelea kufika siku mbili tatu baada ya mbingu kutakata. Watu hulisahau hili kila mwaka. Wanatazama juu, wanaona buluu, wanaingia majini.

Kinachowaua ni mkondo wa kurudi. Nikueleze unavyoonekana, maana macho yako ndiyo yatakayowalinda. Panda mahali pa juu kidogo, hata kama ni kichuguu cha mchanga au ukingo wenye minazi, simama dakika 10 bila kuzungumza na mtu. Utaona mawimbi yanavunjika meupe, yakifuatana. Kisha utaona mahali hayavunjiki: njia nyembamba, pengine upana wa barabara ya mtaa, maji yake yamekoza rangi, uso wake una vijikunjo, na mwani na vijiti vilivyomo vinaelea kwenda nje badala ya kuja kwako. Maji yote yaliyosukumwa ufukweni na mawimbi yanatafuta mlango wa kurudi, na huo ndio mlango wenyewe. Mgeni akitazama kutoka chini ataona sehemu pekee iliyotulia. Ataichagua hiyo. Nimeona mwogeleaji mzuri, kijana mwenye mabega kama mpiga kasia, akiingia hapo Jumapili moja huku akitucheka sisi tuliosimama kando. Dakika mbili baadaye kichwa chake kilikuwa kidogo kama kifuu cha nazi. Alikuwa anapiga maji kuelekea nchi kavu kwa nguvu zake zote na hasogei. Mkondo huo ukikasirika hufikia mita 2 kwa sekunde, na hakuna binadamu wa kawaida anayeogelea hivyo. Mvuvi mmoja akamrushia dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, akampigia kelele, "Lala! Usipigane!" Kijana akalikumbatia, akaacha kushindana, mkondo ukamtoa mpaka ulipoishiwa nguvu, akazunguka kwa pembeni na kurudi na mawimbi. Yeyote anayekamatwa afanye hivyohivyo: aelee, apumue, asiogelee kurudi moja kwa moja, aende sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye ile njia. Na wewe usimfuate mikono mitupu. Rusha dumu, rusha kamba, piga simu 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112, na waite wavuvi.

Tufani pia hubadilisha chini ya maji. Mahali ulipopajua Jumatatu si pale tena. Kimbunga Hidaya kilipotua pwani yetu tarehe 4 Mei 2024, boti za Zanzibar zikiwa zimesimamishwa, nilingoja siku chache kisha nikaenda kutembea kwenye ufukwe ninaoujua tangu utotoni. Mteremko wa mchanga uliokuwa laini ulikatwa wima, ukuta wa kufika kiunoni kwangu, na juu yake mnazi umebaki unaning'inia mizizi nje. Nilipoukanyaga ukingo ule ukameguka. Ndani ya maji, hatua nne tu kutoka nchi kavu, palikuwa na shimo ambalo halikuwapo. Maji ya magoti, kisha ghafla ya shingo. Ukipita Coco Beach ni yaleyale kwa namna nyingine: majabali ya matumbawe yaliyoliwa kwa chini. Juu yanaonekana imara, chini ni pango. Usimkalishe mtu chini yake wala juu ya ncha yake wiki ya tufani.

Na sasa nirudi kwenye ngozi, kwa sababu hapa la nguo na la bahari yanakutana kweli. Wageni wako wanataka ngozi yao yote iguse mchanga na maji. Mchanga wa baada ya tufani, chukua fimbo ufukue lile rundo la mwani lililolala kwenye mstari wa maji ya juu. Mimi nilifukua mapana ya mkeka mmoja siku ileile ya matembezi yangu baada ya Hidaya, nikatoa shingo ya chupa, kipande cha bati chenye msumari bado umesimama, sindano ya hospitali bila kifuniko chake, na konokono koni wa baharini aliye hai, yule wa gamba zuri lenye madoadoa ambalo kila mgeni hutaka kulibeba. Huyo ana mwiba wa sumu unaoweza kuua mtu. Asiokotwe. Msumari na bati vinaleta pepopunda. Waulize wageni walichanjwa lini mara ya mwisho. Konyeza, wale viumbe laini wa baharini wenye nyuzi, nao hutupwa ufukweni, na nyuzi zao huunguza hata zikiwa zimelala mchangani nusu siku. Akiguswa mtu, usimpake mchanga wala kumwosha kwa maji ya bombani. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi kwa kijiti, kisha weka sehemu hiyo kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kama nyuzijoto 45, kwa dakika 20 au zaidi. Dawa hiyohiyo ya maji ya moto ndiyo ya mwiba wa samaki taa, ila kwa taa ni muda mrefu zaidi na lazima aende zahanati.

Maji nayo yana lake. Wataalamu wa afya wa nchi nyingi hushauri watu wasioge baharini karibu na midomo ya mito na mifereji kwa siku 3 baada ya mvua kubwa, muda ambao jua, chumvi na mkondo hupunguza vijidudu. Wageni wako wanakijua kipimo cha Ulaya: ufukwe wa bahari huitwa bora ikiwa vijidudu vya E. koli havizidi 250 katika mililita 100 za maji. Mdomo wa mto unaopita katikati ya mji wetu, asubuhi baada ya masika kupiga, hupita hapo kwa mbali sana. Tumbo la kuhara, sikio la kutoa usaha, kidonda kinachokataa kupona, hayo ndiyo ninayoyaona zaidi. Na yale madimbwi na vijito vya maji baridi vinavyokatiza mchanga kuelekea baharini, watu huviona visafi kwa kuwa havina chumvi, wakaoshea miguu. Huko ndiko mkojo wa panya hujikusanya, nao huleta homa ya mgunda, ile iliyotangazwa na Wizara ya Afya mkoani Lindi Julai 2022. Huingia kwenye mchubuko mdogo ambao mwenyewe hata huoni. Mtu aliyekaa uchi juu ya mchanga wenye vipande vya gamba ana michubuko mingi kuliko anavyodhani, tena mahali pabaya.

Jua sitalirefusha. Tufani huacha anga safi, kipimo cha mionzi ya jua (UV) cha saa 6 mchana hapa mara nyingi hupita 11, yaani hatari kubwa mno, na ngozi ambayo haijaona jua tangu mwaka jana huungua kwa nusu saa. Kanga moja mabegani inatosha.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo na kesho usiwapeleke majini popote. Jumamosi zitakuwa zimetimia siku 3, na ndiyo siku yako. Mwezi ulipevuka Jumatano, kwa hiyo bado ni maji ya bamvua: Jumamosi yatakuwa yamekupwa karibu na saa 6 mchana na kujaa karibu na saa 12 jioni, mwulize mvuvi akuhakikishie saa kamili. Asubuhi soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukiona bado wanataja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, habari ya kuoga imekwisha, watembee tu. Ikiwa imetulia, nenda peke yako kwanza saa 5, umevaa viatu, utembee mchanga wote mtakaoutumia huku maji yako mbali. Hapo ndipo bahari inakuonyesha mashimo yake, mawe yake na vyuma vyake. Fukua, okota, tia alama kwa matawi. Pitia dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, wasalimie wazee, waambie unaleta wageni na watakaa wapi. Waulize mkondo wa wiki hii umehamia wapi. Watakutajia kwa kidole, na hilo sitaweza kukufundisha kwa maandishi. Wageni waje saa 8, maji yakiwa yanapanda, waingie kwa zamu mpaka kiunoni, miguu ikiburuzwa mchangani ili taa aliyelala ashtuke na kuondoka. Dumu la lita 20 na kamba ya mita 20 viwe mkononi mwako, visibaki kwenye bajaji. Saa 10 watoke.

Kuhusu kuwaambia, usizunguke na usiseme kwa kicheko cha aibu, watafikiri kuna mlango wa nyuma. Kaa nao wakati wa chai, uwaambie: "Kwenu kuoga bila nguo ni desturi na hakuna anayeumia. Hapa ni kosa kisheria, na wanaopita pale ni mama zangu na wazee wangu. Kwa hiyo tutaoga tukiwa tumevaa, na nitawaonyesha bahari kama mvuvi anavyoiona." Kama nyumba waliyopanga ina ukuta na bwawa lake, na mwenye nyumba ameridhia, huko ni kwao na hakuna wa kuwauliza. Wakisisitiza ufukweni, warudishie fedha ya siku hiyo, usiende.

Mke mwambie avae viatu vya kamba vinavyofunga kisigino, ndala zitamtoka kwenye wimbi la kwanza. Na ukiwa na nafasi Jumamosi jioni niandikie mkondo ulikuwa umehamia upande gani, nina kundi la wanafunzi linakuja huko Jumatatu.